Mwaka Niliotia Saini

Fundi Shee alizikwa Jumanne baada ya sala ya adhuhuri, nami nilifika kilioni alasiri, wanaume wakiwa wamesharudi kutoka makaburini. Chumba cha ndani kilikuwa kimejaa wanawake waliokaa kwenye mikeka, na chai ya tangawizi ilikuwa ikipitishwa kwa vikombe vidogo. Nilipata nafasi karibu na mlango. Mwanamke aliyekuwa ubavuni mwangu nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Alikuwa Mama Faiza, aliyefua nguo pamoja nasi zamani katika kiwanda cha Bi Zuhura. Akasema, bila kumwelekea mtu, "Shee hakuwa na neno na mtu." Wote wakaitikia kwamba ni kweli, nami nikaitikia. Ilikuwa kweli. Lakini mimi na Shee, katika miaka yote iliyopita, kila tulipokutana njiani hapa Malindi mmoja wetu alivuka upande wa pili. Hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa tukiogopana, kwa sababu kila mmoja aliona kwa mwenzake jambo ambalo hakutaka kulikumbuka. Nikiwa nimekishika kile kikombe nilitambua kwamba sasa nimebaki peke yangu na jambo lenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipoingia kwa Bi Zuhura. Kiwanda chake cha kufulia nguo za hoteli kilikuwa upande wa nyuma wa mji, mbali na bahari, kwenye jengo refu la mabati lenye vyumba vitatu vilivyofuatana. Chumba cha kwanza kilikuwa cha mashine za kufulia, sakafu yake ya saruji haikukauka hata siku moja. Cha pili kilikuwa cha rola. Cha tatu, kilichokuwa na madirisha, kilikuwa cha kukunja na kufunga. Tulikuwa wafanyakazi kama thelathini, wengi wetu wanawake, nasi tulisimama tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ikifika saa nane mchana ungeona wanawake wanainua mguu mmoja na kuushusha, wanainua wa pili na kuushusha, bila kuacha kazi. Waliokuwa wakitoa mashuka mabichi kwenye mashine ndio walioumia zaidi. Shuka moja likiwa limelowa ni zito. Kumi pamoja, yakiwa yamejifunga fundo, huvuta kiuno kama mtu anayekukokota chini. Mbeyu, rafiki yangu, alifanya kazi hiyo. Alitoka Vitengeni, alipanga chumba karibu na kwetu, na wakati wa chakula tulikula sahani moja, wali wa nazi na maharage, au mahamri yaliyobaki asubuhi pamoja na mbaazi. Alipoketi chini kula alishuka polepole, mkono mmoja mgongoni, akisema, "Mwenehu, huu mgongo si wangu tena." Ndivyo alivyoniita, mwenehu, kama watu wa kwao wanavyomwita mwenzao.

Bi Zuhura hakuwa mtu mbaya, na nasema hili nikijua kwamba wengine hawatapenda. Alikuwa mjane, alianza na beseni mbili uani kwake, na chakula chetu cha mchana alikipika mwenyewe. Lakini alikuwa na hofu ambayo haikumwacha apumzike. Hoteli moja ikilalamika kuhusu doa kwenye foronya, hakula siku nzima. Tulimsikia akizungumza kwenye simu ofisini kwa sauti laini ya kubembeleza, kisha akitoka uso umemkauka. Hofu yake ilipita katika vyumba vile vitatu na kutufikia sisi sote, hata tukawa tunashtuka simu ikilia.

Katikati ya mwaka ule ilikuja barua kwamba afisa wa usalama kazini atatutembelea. Bi Zuhura alituita sote chumba cha kukunjia akauliza nani ana mwandiko mzuri. Watu wakanielekeza mimi. "Basi Saumu utakuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kamati ya usalama," akasema. Sikujua ni kitu gani. Nilifurahi, nikadhani nimepandishwa. Asubuhi ya siku yenyewe lilikuja gari la vifaa vya harusi likashusha viti kumi na viwili vya plastiki, vyeupe, vikapangwa nyuma yetu. Afisa alikuwa mtu wa makamo kutoka Taita, mwenye miwani na shati lililopigwa pasi vizuri. Alitukalisha kwenye viti vile akatusomea Sheria ya Usalama na Afya Kazini, akiifasiri taratibu. Kwamba sehemu yoyote ya mashine inayoweza kumdhuru mtu lazima iwekewe kinga. Kwamba mtu hapaswi kubebeshwa mzigo unaoweza kumuumiza. Kwamba anayesimama kutwa nzima apewe mahali pa kukaa kazi inaporuhusu. Kwamba palipo na wafanyakazi ishirini au zaidi lazima pawe na kamati, na mfanyakazi akiona hatari kubwa ana haki ya kuondoka mahali pale na kutoa taarifa, wala asiadhibiwe kwa hilo. Kisha akanigeukia mimi, akanipa daftari la ukaguzi. "Kila mwisho wa mwezi utaiangalia rola, utaandika, utatia saini. Ukiandika iko sawa, umesema umeiona kwa macho yako na kuigusa kwa mkono wako. Umenielewa, dada?" Nikasema nimeelewa. Alipoondoka, gari la vifaa vya harusi lilirudi likachukua viti.

Sasa niieleze ile rola, kwa maana bila hiyo hakuna la kusimulia. Ilikuwa mashine ya kupigia mashuka pasi: magogo mawili ya chuma marefu kuliko mtu, moja juu ya jingine, ya moto, yanayozunguka. Ulishika pembe mbili za shuka, ukalinyoosha, ukalisukuma katikati ya magogo, nalo likavutwa na kutokea upande wa pili likiwa limenyooka. Mbele ya mahali pa kusukumia palikuwa na kipande cha chuma chembamba kilicholala toka mwanzo hadi mwisho. Hicho ndicho kinga. Kikiguswa na kidole tu, magogo husimama. Tatizo ni kwamba kilisimamisha mashine hata kwa mshono mnene, hata kwa shuka lililojikunja, na ikisimama ilichukua dakika kadhaa kuanza tena. Kazi ya kusukuma ilikuwa yangu. Nilikuwa nikiiogopa tangu siku ya kwanza, lakini ilikuwa hofu ya kawaida, kama ya mtu anayepika kwenye mafuta ya moto. Uliiheshimu, ukaendelea.

Wageni walianza kuja, hoteli zikajaa, na mashuka yakarundikana hadi kwenye ukuta. Siku moja nilikwenda stoo ya sabuni kuchukua dawa ya kung'arishia, nikasikia sauti nyuma ya magunia. Alikuwa Fundi Shee, mtu aliyetengeneza mashine zetu zote, na Bi Zuhura.

"Bi, nikiifunga, mtu akiteleza hakuna cha kumzuia," Shee alisema.

"Mpaka mwezi wa kwanza tu. Wageni wakipungua utaifungua."

"Na afisa je?"

"Afisa anasoma daftari, Shee. Na daftari analo Saumu."

Kulisikia jina langu likitamkwa vile, kwa utulivu, na watu wasiojua kwamba nipo, kulinifanya niondoke bila ile dawa. Kesho yake asubuhi nilikuta kinga imeinuliwa na kufungwa kwa waya kwenye fremu, na mashine haikusimama tena. Mashuka yalipita moja baada ya jingine. Watu walifurahi. Mwisho wa mwezi Bi Zuhura aliniita ofisini, akaniwekea chai ya maziwa na mahamri mawili, na kando yake lile daftari likiwa limefunguliwa. Alijifanya anatafuta karatasi kwenye kabati. Nami niliandika: kinga iko sawa. Nikatia saini. Kalamu iliniteleza kwa jasho, na herufi ya mwisho ya jina langu ikatoka imepinda. Ninaweza kuiona hata sasa.

Kuanzia hapo ile hofu ya kawaida ikabadilika. Nilikuwa najua kitu ambacho wenzangu hawakukijua, kwa kuwa wao waliona waya wakadhani ni matengenezo. Niliposukuma shuka nilihisi mvuto wa magogo hadi kwenye mabega. Nilikata kucha zangu fupi sana. Niliacha kuvaa bangili, nikawa nakunja mikono ya nguo hadi juu ya viwiko. Siku moja shuka lilijikunja, nikanyoosha mkono kulitengeneza, na vidole vyangu vikapata moto wa chuma kabla sijavirudisha. Hakuna aliyeona. Nilikwenda chooni nikasimama pale nimeukumbatia mkono wangu kama mtoto.

Hapa ndipo penye jambo nililokuwa nalo peke yangu. Nilikuwa kwenye kamati; nilisomewa sheria; nilijua kwamba nina haki ya kusema hapana. Ningeweza kumwambia Bi Zuhura, au kwenda ofisi ya yule afisa, safari ya nusu siku. Badala yake nilikwenda kwa Bi Zuhura nikamwambia, "Bi, naomba nihamie kukunja. Moto wa rola unaniumiza macho." Nadhani alielewa. "Na nani atasukuma?" akauliza. Nikajibu, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, "Mbeyu. Mgongo wake hauwezi tena kubeba mashuka mabichi. Pale atapumzika."

Mbeyu alishukuru. Aliniambia kwamba hakuna mtu mjini aliyewahi kumtetea. Baada ya wiki mbili alikuwa anakaa chini kula bila kushika kiuno, na alicheka zaidi. Mimi nilikuwa chumba cha tatu, penye madirisha na upepo, nikikunja foronya, na kazi yangu ya kweli ilikuwa kusikiliza. Rola ilikuwa na mlio mmoja, mzito, usiokatika. Ukipungua kidogo, mikono yangu ilisimama. Ukiendelea, nayo ikaendelea. Mama Faiza alinitania kwamba nimekuwa kama mtu anayesubiri mgeni. Nilitia saini ya pili, ya tatu na ya nne. Mwezi wa kwanza ulifika, wageni hawakupungua, na hakuna aliyetaja waya. Nilijaribu mara moja kumwonya Mbeyu. Nilimwambia, "Shuka likijikunja liache lipite hivyo hivyo, usilishike." Akanijibu kwamba yakipita yamejikunja yanarudishwa, na yakirudishwa Bi hali chakula. Ningeweza kumwambia sababu. Nilimwambia tu awe mwangalifu.

Ilitokea asubuhi, kama saa tatu, tukiwa tumemaliza chai. Mlio haukukatika, ulibadilika, ukawa wa kukwama. Kisha nikasikia Mbeyu akisema, wala si kwa kupiga kelele, "Zimeni. Zimeni. Zimeni." Kitufe chekundu kilikuwa mwisho wa mashine, mbali na anayesukuma. Sijui nilipitaje mlangoni. Nilikigonga kwa ngumi, magogo yakasimama, lakini kusimama si kufunguka. Ilibidi yainuliwe kwa mpini, na aliyejua kuuzungusha huo mpini ni Shee peke yake. Alikuja mbio kutoka nje. Muda aliouzungusha ule mpini sitauandika hapa, isipokuwa kwamba mpini ulimponyoka mara mbili, na kwamba mimi nilikuwa nimemshika Mbeyu kiunoni, kichwa chake kimeniegemea shingoni, naye alikuwa akinong'ona kwa lugha ya kwao maneno ya kumwita mama yake. Ulikuwa mkono wake wa kulia.

Bi Zuhura alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Aliporudi, adhuhuri, macho yake yalikuwa mekundu na buibui lake lina madoa. Aliniita ofisini. Mara hii juu ya meza palikuwa na kitabu cha ajali.

"Andika," akasema. "Alipitisha mkono kwa uzembe, kinyume na alivyoelekezwa."

"Bi, kinga ilikuwa imefungwa."

"Katika daftari lako iko sawa. Umesaini mara nne." Hakuwa akinitisha. Alikuwa akiniomba, na hilo lilinitia hofu zaidi. "Mwanangu, nikianguka mimi, na wewe unaanguka. Wanawake thelathini watakula wapi?"

Niliandika. Niliandika neno uzembe kando ya jina la Mbeyu kwa mwandiko wangu mzuri. Nilipotoka nilipitia chumba cha rola. Shee alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine na koleo mkononi. Waya haukuwapo. Kinga ilikuwa imelala mahali pake, imepanguswa. Tulitazamana, naye ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

Afisa alikuja siku ya pili yake. Alisoma kitabu cha ajali, akasoma daftari, ukurasa kwa ukurasa, kidole chake kikipita juu ya saini zangu. Alimhoji Shee mbele yetu. Shee akasema kinga haijaguswa na mtu. Nami nikaulizwa, nikasema kama ilivyoandikwa. Bi Zuhura alikuwa amesimama karibu na mlango. Nilidhani imekwisha. Afisa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaomba mashine iwashwe. Akachukua mashuka kutoka kwenye rundo akamwambia Mama Faiza ayasukume. La kwanza lilifika kwenye mshono, kinga ikaguswa, mashine ikasimama. Tukangoja. Ikaanza. La pili likasimama. La tatu likapita. La nne likasimama. Afisa alitazama saa yake kila mara, bila haraka. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto la jua juu ya vichwa vyetu.

"Msimu wote wa wageni mmefua za hoteli ngapi?" akauliza.

Bi Zuhura akajibu kwamba ni tano.

"Hoteli tano. Kwa mashine inayosimama hivi." Hakuipandisha sauti. "Nielezeni mlifanyaje."

Nilimtazama Shee, naye alikuwa akitazama sakafu. Nilikuwa naogopa jela, naogopa uso wa Bi Zuhura, naogopa wenzangu watakaorudi nyumbani bila kazi. Lakini niliogopa zaidi kwamba yule mtu atafunga daftari na kuondoka, na neno lile nililoandika litabaki kando ya jina la Mbeyu maisha yake yote. Nikasema, "Kinga ilifungwa kwa waya tangu wageni walipoanza kuja. Nilikuwa najua. Saini zote nne ni za uongo."

Shee alijiketisha chini pale pale penye maji. "Waya ni wangu," akasema. "Niliufunga mimi, nikaufungua mimi." Bi Zuhura alijifunika uso kwa ncha ya mtandio.

Rola ilifungwa kwa amri siku ile ile. Bi Zuhura alipelekwa mahakamani, akatozwa faini, na baadaye kiwanda kikafunguliwa kikiwa na rola nyingine, viti vya kwake mwenyewe, na mikokoteni ya kubebea mashuka mabichi. Fidia ya Mbeyu ilipita, kwa kuwa neno uzembe lilifutwa. Mimi afisa alinionya kwa maneno makali, akaniambia sheria ina adhabu kwa anayeandika uongo katika daftari kama lile, kisha akaniacha. Bi Zuhura hakunifukuza. Niliacha mwenyewe, kwa sababu sikuweza tena kukaa chumba chenye madirisha nikisikiliza. Wenzangu waliniona mtu jasiri. Mama Faiza aliniambia hivyo kwa mdomo wake. Hawakujua kwa nini Mbeyu ndiye aliyekuwa kwenye rola.

Mwaka mmoja tangu saini ya kwanza ulipokaribia kutimia, mvua za masika zikiwa zimepita, nilikwenda Vitengeni. Sikuwa nimelala vizuri siku kadhaa nikipanga maneno. Nilimkuta Mbeyu kwa mama yake, ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko, akimenya muhogo: ameubana chini ya mkono wa kulia uliofungwa kitambaa, kisu ameshika kushoto. Nilimwamkia mama yake, shikamoo, naye akaitikia marahaba akaniletea kiti na kunishukuru kwa kusema ukweli mbele ya serikali. Nilingoja hadi alipokwenda kwenye mahindi yake.

"Mbeyu, kuna jambo," nikasema. "Siku nilipokuombea uhamie kwenye rola."

Hakuacha kumenya. "Nini?"

"Si kwa ajili ya mgongo wako. Niliomba kutoka kwa sababu nilikuwa naiogopa. Nilijua imefungwa waya."

Kisu kikasimama. Alitazama muhogo, si mimi. Kuku walikuwa wakiparua karibu na miguu yetu, na kutoka shambani nilimsikia mama yake akiongea na jirani kuhusu mbegu. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na kwa kilio, na nadhani moyoni nilikuwa nimejitayarisha hata kwa kusamehewa.

"Ulijua," akasema mwishowe.

"Nilijua."

"Na ukanitaja mimi. Ulikuwa na watu thelathini."

"Ndiyo."

Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayehesabu upya siku zilizopita, moja moja. "Nilimwambia mama kwamba nina mwenzangu Malindi anayenijali," akasema. "Sasa nitamwambia nini?"

Akakiegesha kisu kwenye ukingo wa sufuria.

"Usimwambie wewe," akasema. "Na usije tena mpaka nikuite."

Nikasema sawa. Nilisimama, nikamuaga mama yake shambani kwa mbali kwa kupunga mkono, naye akapunga wake, akinikaribisha nirudi tena. Mbeyu hajaniita.